Kengele Ambayo Haikumlilia Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka hija ya mlimani akaniletea maji ya chemchemi ndani ya chupa ya soda. Siku hizi mahujaji wote hufanya hivyo. Huyabeba hadi nyumbani, wakayaweka kabatini karibu na rozari, wakawapaka wagonjwa kwenye paji la uso. Mimi nilifungua kifuniko nikanusa. Harufu ilikuwa ileile, ya mizizi na jiwe bichi na majani yanayooza polepole mahali ambapo jua halifiki. Nilikuwa nimekaa nyuma ya duka langu hapa Migori, malori ya Isebania yakinguruma barabarani, lakini kwa muda nilikuwa tena mtoto asiye na viatu, nimesimama kwenye tope, na hasira ya zamani ikanirudia nzima, haijapungua hata kidogo.

"Dani, hutaki kuyanywa?" mjukuu akaniuliza. Dani ni nyanya kwa Kijaluo chetu.

Nikamwambia maji hayo ndiyo yaliyonikuza, aweke tu hapo.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule mtakikumbuka kikanisa cha mlimani kabla hakijapakwa rangi. Kilikuwa juu ya kijiji cha Kisegi, katikati ya msitu, mahali ambapo mlima unapumzika kidogo kabla ya kupanda tena. Wabatizwa wa kwanza ndio waliokijenga. Walipanga mstari kutoka kijitoni hadi juu, wanaume kwa wanawake, wakapokezana mawe mkono kwa mkono. Ndani kulikuwa na giza hata saa sita mchana, na kuta zilitoa jasho. Kila mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria, watu walikuja kutoka kila upande. Wavuvi wa kisiwa cha Remba walivuka ziwa kwa mashua, watu wa Homa Bay walikuja kwa lori, na Wakuria walitembea kutoka mpakani wakiimba nyimbo tusizozijua. Kipande cha mwisho cha njia wengi walikipanda kwa magoti. Sisi watoto tulikaa juu ya miti tukitazama magoti yanayotoka damu kama mtu anavyotazama mpira.

Boma letu lilikuwa la mwisho kabla ya kikanisa, na chemchemi ilikuwa ndani ya boma. Baba yangu, Petro, aliichimba akaizungushia mawe yaliyobaki baada ya ujenzi. Juu ya hapo hapakuwa na maji mengine, na ukitaka ya mto ulishuka hadi chini kabisa, kisha upande tena. Kwa hiyo kila hujaji aliyepanda mlima ule alikunywa kwetu. Baba hakuwahi kumnyima mtu, wala kumwomba mtu kitu. Alisema maji yalikuwepo kabla yake.

Kisha ikaja kengele. Ililetwa na meli hadi Homa Bay, ikapakiwa kwenye mashua hadi ufukoni chini yetu, na wanaume wakaifunga kwenye gogo na kuipandisha kwa mabega. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka rangi yake, kama ya mahindi ya kuchoma yaliyoungua upande mmoja. Kwenye kona mbaya, pale ambapo njia inakuwa mwamba mtupu, kamba ililegea. Baba alikuwa nyuma. Angeruka pembeni, kengele ingebingirika juu ya wenzake waliokuwa chini yake. Hakuruka. Aliipokea kwa mgongo na bega mpaka wengine wakaifunga upya. Jioni ile alicheka na kula kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta.

Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa katekista wetu, Zakaria. Sisi tulimwita Japuonj, mwalimu, kwa sababu ndiye aliyetufundisha sala. Padre alikuwa Mzungu aliyeishi mbali na kuja kwetu mara mojamoja, na akiwa hayupo, Japuonj ndiye aliyekuwa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri, na alikuwa na mwavuli mweusi aliotembea nao hata mvua isipokuwepo. Sikukuu iliyofuata alisimama mbele ya mahujaji akasimulia jinsi alivyoipandisha kengele mlimani kwa nguvu za Mungu. Baba alikuwa amekaa mbele, mkono kiunoni. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Japuonj, wewe ulibeba mwavuli. Kengele tulibeba sisi."

Watu walicheka. Walicheka kanisani, wakacheka njiani wakishuka, na ufukoni wavuvi wakayageuza maneno yale kuwa wimbo wa kuvutia nyavu. Japuonj naye alitabasamu siku ile. Mama alikuja kuniambia baadaye kwamba tabasamu lile ndilo lililomtia baridi.

Baba alizidi kudhoofika. Miguu ilianza kufa ganzi, kisha ikaja homa isiyoondoka. Hospitali ilimpa vidonge vyeupe ikamrudisha nyumbani. Padre alikuja, akamuungamisha, akampaka mafuta ya wagonjwa, na Japuonj alikuwa pale pale amemshikia mshumaa. Niliona kwa macho yangu, nimekaa kwenye kona na kuku. Siku chache baadaye Padre akasafiri kwenda kwao Ulaya kwa likizo ndefu. Ndipo nyanya yangu, mama yake baba, alipomleta ajuoga, yaani mganga, amchanje mwanawe mgongoni na kumpa mizizi anywe. Baba hakuwa na nguvu ya kukubali wala kukataa. Mwanamke mzee alikuwa anamwona mtoto wake akienda.

Alikufa asubuhi moja ya mvua. Mama alimtuma mtu kwa Japuonj aje na kitabu cha sala, na apige kengele, maana kwetu mtu alipokufa ililia mapigo ya taratibu mpaka bonde lote lisimamishe majembe. Japuonj alikuja bila kitabu. Alisimama mlangoni, hakuingia, mwavuli umefungwa chini ya kwapa.

"Nasikia ajuoga alilala hapa," alisema.

"Alikuja, hakulala," mama akajibu. "Na Petro alipakwa mafuta. Wewe ulishika mshumaa."

"Aliyoyapata aliyatupa. Amekufa nje ya kanisa, Nyar Kasgunga." Hilo lilikuwa jina la mama, binti wa Kasgunga, kwao kabla ya kuolewa. "Sitasali. Na kengele haitamlilia."

"Hiyo kengele ndiyo iliyomuua."

"Haitamlilia," alisema tena, akafungua mwavuli wake, akaondoka.

Baba alizikwa na majirani wachache waliothubutu. Mama alisali mwenyewe. Mimi nilitega sikio siku nzima kuelekea mlimani, na mlima ulinyamaza. Halafu Jumapili kengele ikalia kama kawaida, ikiwaita watu. Nilikuwa na umri wa kuamini ninachoambiwa, na nilikuwa nimeambiwa kwamba kengele haitamlilia baba. Kwa hiyo nilielewa kwamba kengele yenyewe ndiyo iliyokataa. Baba aliibeba kwa mgongo wake, ikamvunja, kisha ikamkatalia. Nilianza kuichukia jinsi unavyomchukia mtu. Nikawa napanda kila nilipotumwa kuni, nasimama chini ya miti miwili ilikotundikwa, na kuirushia mawe. Mengi yalikosa. Jiwe likipata, kengele ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekucheka kwa pua.

Mama alinikuta siku moja.

"Unampiga nani?"

"Kengele. Ilikataa kumlilia baba."

Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye mizizi, akanivuta, akaniweka mbele yake.

"Hicho ni chuma, nyathina, mwanangu. Chuma hakijui mtu. Unaiona ile kamba?"

"Ndiyo."

"Nani huivuta?"

"Japuonj."

"Basi usipoteze mawe," mama akasema.

Nilifikiri nimemwelewa. Nilishuka nikaanza kukusanya mawe mazuri ya duara, nikayarundika nyuma ya ghala, nikasubiri mama aniambie siku ya kumpiga Japuonj imefika. Nilijiona askari. Kila nilipomwona mama akitazama njia ya mlimani, nilikimbia kuyahesabu.

Siku ile haikuja. Padre aliporudi, mama alimweleza kila kitu. Alihuzunika, akaja kusali kaburini, sisi watatu tu na mbuzi waliofungwa. Akasema atazungumza na katekista. Akasema pia kwamba mambo mengine ni vizuri kumwachia Mungu. Nadhani alimhitaji Japuonj, aliyejua Kijaluo na Kiswahili na kila mlango wa parokia ile. Alitaka jambo liishe kimyakimya. Mama alimshukuru, akampa kuku. Lakini kimya ndicho kitu ambacho mama hakukitaka.

Sikukuu ilipofika, wageni wakajaa. Na mama, mbele ya macho yangu, akawachotea maji kama baba alivyofanya. Hata Japuonj, mama alimpa, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kwa heshima. Nilimtazama nikaona aibu. Niliona kwamba mama yangu ni mwoga. Usiku huo nilikataa chakula, naye hakuniuliza sababu.

Mvua za masika zilizofuata alianza kupanda mnyaa. Alikata matawi ya ule mmea mnene wenye utomvu mweupe unaopofusha, akayachomeka ardhini kuizunguka chemchemi, akasuka matawi ya miiba katikati. Alifanya kazi hiyo asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba. Aliacha nafasi moja nyembamba tu, akaitengenezea lango la miiba analoweza kulivuta peke yake. Japuonj alipita akielekea kikanisani, akasimama kutazama.

"Umefanya vizuri," alisema. "Ng'ombe walikuwa wanachafua maji."

"Ndiyo, Japuonj," mama akajibu. "Nataka yawe safi."

Mwaka huo habari ilikuwa moja tu. Askofu mwenyewe angepanda mlima, mara ya kwanza tangu bendera mpya ipandishwe. Japuonj alipaka kikanisa chokaa, akafundisha kwaya, akajishonea kanzu. Mvua za pili zilichelewa, na mwezi wa nane ulikuwa mkavu hata msituni majani yalipiga kelele ukiyakanyaga. Watu walikuja wengi kuliko wakati wowote ninaokumbuka. Walifika juu midomo imepauka, wakiongoza watoto, wakigeukia boma letu kama walivyozoea. Wakakuta lango la miiba limefungwa, na mama amekaa mbele yake kwenye kigoda, amevaa nguo yake ya kanisani, panga mapajani.

Hakumtishia mtu. Mwanamke mmoja wa kutoka mpakani, mwenye mtoto mgongoni, alimsogelea akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Mama, tusaidie maji. Mtoto anakauka." Mama aliinuka, akaingia, akamletea kibuyu. Akawafanyia hivyo kina mama wote wenye watoto wachanga, na wazee. Wengine aliwaambia, "Mtakunywa. Nendeni mkamwite Zakaria."

Japuonj alikuja na kanzu yake mpya, uso umevimba kwa hasira, lakini sauti chini kwa sababu ya watu.

"Nyar Kasgunga, hii ni nini? Askofu yuko njiani."

"Ndiyo maana nimechagua leo."

"Nitamleta chifu."

"Mlete. Nitamweleza na yeye."

"Unataka nini?"

"Usimame hapa, useme nani alibeba kengele, na nani alimkatalia. Kisha uende ukaivute kwa mkono wako, yale mapigo ya marehemu."

Alicheka kidogo, akageukia watu kama anayetafuta msaada. Hakuna aliyecheka naye. Watu wenye kiu hawana haraka ya kucheka. Nyuma yake umati ulikuwa umefunguka, na Askofu alikuwa amefika, mzee mnene mwenye pumzi fupi, akiegemea mkono wa Padre. Walimketisha kwenye jiwe. Aliuliza kwa nini watu wamekusanyika hapa badala ya kanisani. Mama akamwambia. Hakulia, hakupandisha sauti. Alieleza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha yetu ya nyumbani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akikizungumza kwa muda mrefu hivyo. Aliposema baba alipakwa mafuta, Askofu alimgeukia Padre.

"Ni kweli?"

Padre alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Ni kweli. Nilimpaka mimi."

"Na huyu alijua?"

"Alinishikia mshumaa."

Askofu alifuta jasho kwa leso, akamtazama Japuonj kwa muda. "Basi sema, mwanangu," alisema. "Mimi pia nina kiu."

Japuonj akaanza kwa Kijaluo, haraka haraka, macho chini. Mama akamkata.

"Kwa Kiswahili. Wakuria nao wasikie, na watu wa Sirare ng'ambo ya mpaka."

Akasema kwa Kiswahili. Sauti ile nzuri ilikuwa imekatika vipande. Alisema Petro ndiye aliyeipokea kengele kwa mgongo. Alisema Petro alikufa akiwa Mkristo. Mama akamuuliza, "Na wewe ulibeba nini?"

"Mwavuli," alisema.

Kisha akapanda hadi kwenye kengele, kanzu ikishika miiba, na akaivuta. Sauti ilishuka msituni pigo baada ya pigo, nzito, ikaenda hadi ziwani. Wanaume walivua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mama, nikautazama uso wake, ulikuwa mkavu. Alimwacha avute. Kila Japuonj alipotaka kuacha na kutazama chini, mama alitikisa kichwa, naye akaendelea, mpaka mikono yake ikaanza kulegea.

Hapo ndipo mama alipofungua lango. Alianza na Askofu, akafuata Padre, kisha watu wote, mmoja baada ya mwingine, akiwachotea mwenyewe. Wengi waligusa mkono wake wakapita. Ilichukua muda mrefu. Mwishoni alikuja Japuonj, baada ya wote, na kikombe chake cha bati. Jasho lilikuwa limemkaukia usoni likaacha chumvi. Alikinyoosha tu kikombe.

Mama akakipokea. Akainama, akakijaza hadi ukingoni, akainuka nacho. Nilidhani atampa, na Padre alidhani hivyo pia, maana nilimwona akitabasamu. Mama alimtazama Japuonj machoni, akakiinamisha kikombe taratibu, maji yakamwagika kati ya miguu yao hadi tone la mwisho. Kisha akamrudishia, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kwa heshima, vilevile kama mwaka uliotangulia.

"Mtoni kuna maji, Japuonj," alisema. "Shuka."

Alishuka. Njia nzima, mbele ya watu wote, na kikombe mkononi. Nilimtazama mpaka miti ikamfunika, na furaha niliyoipata sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo, si siku ya harusi yangu, si siku ya kuzaa. Naandika hivi nikijua wengi wa rika langu watashtuka. Tumefundishwa kusamehe, na waliotufundisha ni watu wa namna ya Zakaria.

Baada ya hapo hakukaa kwetu muda mrefu. Walimhamishia ufukoni mbali, kwenye kanisa dogo la wavuvi, ambako wimbo wa nyavu ulikuwa umemtangulia. Mnyaa ulikua ukawa ukuta, lakini lango halikufungwa tena. Mimi nilikwenda shule ya masista, nikarudi likizo, nikawa msichana mkubwa.

Katika likizo moja kama hiyo, alikuja mwanamke kijana amechoka, viatu mkononi. Alisema ni binti yake Zakaria. Mama alimkaribisha ndani, akampa maji ya kunawa, akamkaangia samaki, akamwekea ugali mkubwa. Hakumuuliza chochote mpaka aliposhiba. Ndipo yule binti akapiga magoti sakafuni.

"Mama, baba anaumwa. Hawezi tena kusimama. Amenituma nikuombe msamaha kwa niaba yake, kabla hajaenda."

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Binti alisubiri. "Nimwambie nini kingine?"

"Hicho tu. Nimesikia."

Alimfungashia ndizi na mahindi, akamwambia alale, safari ni ndefu. Asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye ile kona ya mwamba. Alisimama akanishika mkono. Alikuwa na macho ya baba yake, na nilimwonea huruma yeye, ambaye hakuwa amefanya lolote.

"Dada yangu," aliniuliza, "unafikiri mama amemsamehe?"

"Umesikia alivyosema," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akajitwika mzigo wake, akaanza kuteremka. Nami nikarudi nyumbani kumsaidia mama kuanika mahindi.